Marahaba ya Kwenye Kompyuta

Kompyuta ililetwa kwangu ikiwa imeviringishwa kwenye kitenge kama mtoto mchanga. Aliyeileta ni binti yangu, kitindamimba wangu, muuguzi. Alikuwa anatoka kusini kabisa mwa nchi, huko alikopangiwa kazi, na njia nzima alikuwa ameikumbatia kifuani, begi la nguo likipondwa na magunia ya watu kwenye buti. Nilipompokea stendi ya Mbulu nilinyoosha mikono nikidhani kuna mjukuu mwingine sijaambiwa.

"Mama, taratibu, usiitikise."

"Shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo mama. Usiitikise."

Hapo hapo nikajua hiki chombo kitatugombanisha.

Niseme mapema kilichomleta, maana sipendi hadithi zinazozunguka kama mbuzi aliyefungwa kamba. Binti yangu ana mtoto wa kike wa miaka minne. Mtoto huyo nimekaa naye mimi tangu aache ziwa, kwa sababu mama yake anafanya kazi za usiku na huko kusini hana ndugu. Mtoto akasikia mama yake ananiita mimi mama, naye akaniita mama. Mama yake mzazi akawa "dada wa kwenye simu". Hakuna aliyemfundisha. Januari ilikuwa aanze shule ya awali. Binti akaomba uhamisho wa kurudi kwetu, akaomba tena na tena, na safari hii akajibiwa: kuna nafasi chache za wauguzi upande wa Mbulu na Hanang, na wanaozitaka watasailiwa kwa kompyuta, kila mtu alipo, yeye Alhamisi saa tatu asubuhi. Akifeli, arudi kusini asubiri mwaka mwingine. Hilo ndilo lililokuwa mezani. Mengine yote ni vituko.

Nilimwambia aende akafanyie mjini, kwenye duka lenye intaneti. Akasema huko wanapiga muziki na watu wanachungulia. Nikamwambia na hapa kwangu watu wanachungulia. Akasema, "Wewe nitakufungia jikoni."

Jumatano mchana, tulipomaliza kula, akaiweka mezani aijaribu. Mimi nilikuwa naosha vyombo. Nikasikia kelele: "Imeganda! Mama, kompyuta imeganda!" Kisha nikamsikia anakimbilia nje na simu, anapanda kilimani nyuma ya zizi ambako mtandao unashika vizuri zaidi, ampigie fundi.

Sasa, kwetu mwezi wa saba mtu akisema kitu kimeganda hatuulizi maana. Mafuta ya kupikia yanaganda kwenye chupa. Samli inaganda. Mwanakondoo akizaliwa alfajiri anaganda miguu, na tunamleta jikoni, tunamlaza karibu na mafiga na kumsugua kwa gunia mpaka alie. Wiki ile tulikuwa na mwanakondoo mmoja wa namna hiyo. Kwa hiyo nilichochea kuni, nikaichukua kompyuta ikiwa wazi vile vile, nikamsogeza mwanakondoo kidogo nikawalaza pamoja. Nikaisugua kwa gunia, polepole, maana niliambiwa nisiitikise.

Binti aliporudi alipiga ukelele ambao sijausikia tangu alipong'olewa jino.

"Mama! Unaichoma!"

"Siichomi. Naipasha. Gusa uone, imeanza kupata joto."

"Kuganda maana yake nikibonyeza haiitiki! Haisogei!"

"Na mwanakondoo aliyeganda anasogea?"

Akaiokota, akaanza kuitoa manyoya.

Fundi mwenyewe ni kijana mwenye kibanda pale sokoni Mbulu, anatengeneza simu, redio na hizi kompyuta. Hakupatikana mara ya kwanza, kwa hiyo binti akamtumia ujumbe wenye namba yangu, na baadaye akapiga yeye, akapiga kwenye kitochi changu, simu yangu ndogo ya vitufe. Nikapokea.

"Haloo, hiyo kompyuta imefanyaje?"

Nikamwambia, "Huku ni nyumbani kwa watu."

Akaelewa. "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hujambo? Mkeo hajambo? Huko baridi ikoje?"

Simu ikakatika. Akapiga tena, akaanza, "Ndiyo bibi, sasa hiyo kom..." Nikamwambia, mwanangu, umetoka, umerudi, hubishi hodi? Akaamkia upya. Ikakatika. Mtandao wetu ni kama ng'ombe mwenye kupe, hautulii. Alipopiga mara ya nne alisema kwa pumzi moja, "Shikamoobibibonyeza kitufe cha kuwashia usikiachie mpaka taa izime." Nikamwitikia. Kijana msikivu.

Dawa ya kuganda ni hiyo, na naiandika hapa kwa faida ya mwenye shida kama yetu: ichomoe chaja, shika kitufe cha kuwashia usikiachie, hata kompyuta ikionekana inakata roho. Ikizima kabisa, iache ipumzike, kisha uiwashe. Binti aliogopa kuibana hivyo. Nikambania mimi, kama unavyombana ng'ombe mkorofi puani, bila chuki lakini bila huruma. Ikazima. Ilipowashwa ikaitika vizuri.

"Na bibi," akasema fundi, "msiiweke karibu na moto wala juu ya blanketi. Ina feni ndani, inataka hewa. Kuna watu wanaziua kwa joto."

Binti akanitazama. Nami nikamtazama mwanakondoo.

Likaja la pili. Kompyuta ilikuwa inaitika lakini inakataa kufungua ule ukurasa wa usaili. Inasema si salama. Fundi akamwambia binti aangalie tarehe, chini pale pembeni. Binti akaisoma, akacheka, kisha akaacha kucheka. Kibetri kidogo cha saa kilichomo ndani kilikuwa kimekufa, na kompyuta ilikuwa inaamini tupo katika mwaka ambao mume wangu bado yuko hai, anakwenda mnadani na fimbo yake na koti lile la kijivu.

"Mama, naibadilisha," binti akasema.

"Ngoja kidogo."

Akangoja. Mimi nikaangalia zile namba.

"Haya," nikasema, "ibadilishe."

Akaibadilisha, na ukurasa ukafunguka. Kompyuta isiyojua leo ni lini hairuhusiwi kuingia kwa watu, ndivyo fundi alivyotueleza, na kwa hilo sikubishana naye.

Alhamisi asubuhi tukagombana juu ya vitunguu saumu. Ukuta wa sebuleni kwangu huwa nimetundika mafungu ya vitunguu saumu yakauke, na kompyuta ilikuwa itazame ukuta huo huo. Binti akasema viondoke. Nikasema haviondoki, wakubwa waone kwamba nyumba hii inalima. Mwisho tukapatana: nikaning'iniza shuka jeupe juu yake. Lakini vitunguu vikatuna nyuma ya shuka, kimoja hapa, kingine pale, ukuta ukaonekana una majipu. Muuguzi kakaa mbele ya ukuta wenye majipu! Binti akafumba macho akasema basi tu.

Simu yake kubwa ndiyo iliyokuwa inairushia kompyuta mtandao, na ilikuwa inashika ikiwa dirishani tu, imesimamishwa ndani ya kikombe. Akaweka sheria: asiyekiweka kikombe asikiguse. Mtoto akapelekwa kwa jirani. Mimi nikaamriwa nikae jikoni na kitochi, fundi akiwa hewani, ili likitokea la kutokea tuwe na mtu.

Saa tatu kamili wakatokea watu watatu kwenye kioo. Mwanamke mmoja, mwanaume mmoja mwenye miwani, na katikati yao mzee mwenye kichwa cheupe pe, kama kilele cha pamba. Nilikuwa naona kutoka mlangoni.

"Shikamooni," binti akasema. "Habari za asubuhi?"

Wale wakatulia kama watu wanaosubiri mvua.

"Hatukusikii, binti," akasema yule wa miwani. Yeye tulimsikia vizuri.

Binti akasema tena. Akasogea. Akapaza. Akabonyeza hiki na kile. "Hatukusikii."

Hapo sikuvumilia. Mzee mwenye mvi zile yuko sebuleni kwangu, na mimi nimekaa jikoni kama mtu asiyelelewa? Nikafuta mikono, nikaingia, nikapiga goti kidogo mbele ya kompyuta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama," akasema yule mzee. "Hujambo?"

Binti akageuka polepole.

"Amekusikia!"

"Si nimemwamkia."

"Mimi hawanisikii!"

"Labda hujasema vizuri."

Nikamweleza fundi kwenye kitochi kwamba mzee kaitikia. Fundi naye akashangilia. "Bibi, kama ameitikia, maiki ni nzima! Msiguse kitu! Tatizo liko kwao!" Basi binti akaacha kubonyeza. Akanyoosha mgongo, akaanza kujieleza tangu chuoni, kwa mikono na kwa macho, vizuri sana. Alipomaliza, yule mwanamke akatikisa kichwa. "Pole dada, hatujapata hata neno."

Nikamwambia yule mzee, "Sasa baba, mimi umenisikia, huyu mwanangu unamkataaje?"

Akatabasamu tu.

Binti akanivuta mkono. Akaninong'oneza, "Mama, labda sauti yako ndiyo inayofika. Kaa hapa. Nikisema, wewe rudia."

Nikavuta kigoda. Binti akasema taratibu, mimi nikatangaza kama mpiga mbiu: "Anasema yeye ni muuguzi mkunga! Anasema amefanya kazi wodi ya wazazi! Anasema hajawahi kuchelewa zamu, na hilo ni kweli, nimemlea mimi!"

"Hatukusikii, mama," akasema mwenye miwani.

"Fundi, mimi pia hawanisikii sasa."

"Mwamkie tena tuone, bibi."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama."

"Kaitikia!"

"Sasa sema kitu kingine."

"Anasema alisomea miaka mitatu!"

Wakatazamana wale watatu.

Fundi akafikiri kwa muda mrefu kule sokoni. Nikasikia watu wanabishana bei ya viazi nyuma yake. Mwisho akasema, "Bibi, sijawahi kuona. Hiyo kompyuta inapitisha salamu tu."

Na mimi nikamwamini. Mwaka huu nimeona mvua ikinyesha shamba la jirani ikaacha langu; kwa nini isiwepo kompyuta inayopitisha salamu ikabakiza mazungumzo? Nilianza hata kuiheshimu. Lakini binti alikuwa ameinamisha uso, na nilijua anachokiona: basi la kurudi kusini.

Ndipo mwenye miwani akainua karatasi aliyoandika kwa herufi kubwa: NAMBA YA SIMU. Ya binti ilikuwa kikombeni inarusha mtandao, haiguswi. Ikabaki kitochi changu. Nikamkata fundi bila kuaga, Mungu anisamehe, binti akaandika namba nyuma ya kalenda akaionyesha, na kitochi kikalia.

Tukaweka sauti ya nje. Sasa kila swali likaja mara mbili: kwanza kwenye kitochi, halafu kwenye kompyuta, limechelewa kama mtu aliyesahau kofia. Mzee anauliza, binti anaanza kujibu, mzee yule yule anamkatiza kwa swali lile lile. Nikachukua mto wa kochi nikaibana kompyuta mdomo.

"Mama," ikasema sauti ya mzee kwenye kitochi, "sasa tumebaki gizani."

Mto ulikuwa umefunika na jicho. Nikaushusha. Binti akapata kitufe cha kupunguza sauti, na hapo mwishowe usaili ukaanza kweli: sura kwenye kompyuta, sauti kwenye kitochi, na mimi katikati nimekishika kitochi karibu na kidevu chake, mkono unaniuma kama nimekama ng'ombe wa kijiji kizima.

Wakamuuliza mzazi aliyetoka kujifungua akivuja damu atafanya nini kwanza. Akawaambia moja baada ya moja, na kila alipomaliza kusema, mdomo wake kwenye kioo chao ulikuwa bado unaendelea, nao watatu wanautazama kwa adabu mpaka ufike. Wakauliza la dawa, la kumbukumbu za wagonjwa, la kufanya kazi mahali pasipo na daktari. Yote akayajibu.

Kisha mzee akasema, "Binti, hata kusini wanawake wanajifungua. Nikikutoa huko nani atawapokea? Kwa nini urudi kwenu?"

Binti alikuwa ameandaa maneno ya swali hilo. Nilimsikia akiyakariri tangu Jumatatu akichuja maziwa: kuboresha huduma, uzoefu wa mazingira, kuijua lugha ya wenyeji. Akayaanza. Akafika katikati, akaacha. Mtandao haukuwa umekatika. Nilikuwa nimeshika simu, nilimsikia anavyopumua.

"Mzee," akasema, "nina mtoto wa miaka minne ananiita dada. Nimepokea watoto wa watu huko nisiowahesabu, na mkinituma nitapokea wengine, popote. Lakini wangu anaanza shule, na mwalimu atamuuliza mama yako ni nani. Nataka ajue cha kujibu."

Sikumtazama. Nilitazama kitochi.

"Mama," akasema mzee, "wewe ndiye unayemlea huyo mtoto?"

"Ndimi."

"Uhamisho usipotoka, utaweza kuendelea naye?"

"Nitaweza. Sijachoka kulea. Lakini zamu yangu ya kuitwa mama nilishaimaliza. Nina haki ya kuitwa bibi."

Akacheka. "Mungu akutunze. Wewe ni rika la dada yangu mkubwa, yule aliyekuwa akinibeba mgongoni."

Nikasimamisha kitochi.

"Aliyekuwa akikubeba mgongoni?"

"Ndiyo mama."

"Na hizo mvi?"

"Za ukoo, mama. Baba yetu alikuwa nazo tangu ujana."

"Basi zile shikamoo hazikuwa zako. Umezipokea zote na mimi ni dada yako. Zirudishe."

Binti akanifinya paja hadi leo nalihisi. Yule mwanamke kwenye kioo akainamia karatasi zake, mabega yanacheka. Lakini yule bwana alikuwa mtu aliyelelewa. Akasimama, tukabaki tunaona vifungo vya shati, halafu akainama mpaka kichwa cheupe kikajaa kioo kizima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mdogo wangu. Hujambo?"

"Sijambo. Na nikuambie ukweli: zile shikamoo zako za kwenye kompyuta sikuzisikia hata moja. Niliona mdomo tu. Nani katika nchi hii asiyejua mdomo unaosema shikamoo?"

Binti akaweka uso mezani.

Baadaye nilimpigia fundi nikamweleza. Akamwambia binti atafute kitufe fulani juu kwenye kibodi chenye alama ya maiki. Kilikuwepo, na kitaa chekundu kinawaka, maana yake maiki imezimwa. Ukikibonyeza, kitaa kinazimika na maneno yanapita, ya salamu na yasiyo ya salamu. Ndiyo yote. Watu wakisema hawakusikii, tazama hapo kwanza kabla hujamlaumu mtu. Binti anasema nilikibonyeza mimi nilipokuwa naisugua kwa gunia. Mimi nasema mwanakondoo alikuwepo pia, na ana kwato.

Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa, wakati likizo yake inakaribia kwisha. Amepata. Ila si Mbulu. Ni zahanati upande wa Hanang, Dirma. Binti alilia, kisha akauliza Dirma ni mbali gani na hapa. Nikamwambia kwa anayetoka kusini ni mlango wa pili. Sikumwambia kwamba kwa mguu wangu huu si mlango wa pili. Nilijua tangu siku ya usaili kwamba akipata, mtoto ataondoka naye, na nilikishika kile kitochi hivyo hivyo.

Wakaondoka Jumamosi. Mtoto alikataa kupanda basi bila kuku mmoja mweupe ambaye aliamua asubuhi ile ile kuwa ni rafiki yake. Nikamfunga miguu kuku, nikawafikisha stendi. Kondakta akasema kuku wanapanda juu na mizigo. Mtoto akaangua kilio, abiria wakaanza kutoa mawazo, mmoja akasema hata juu kuna baridi, kuku atakufa.

"Kuku wa nani huyu?" kondakta akauliza kwa ukali.

"Wa mwanangu," binti yangu akasema, kwa sauti iliyofika stendi nzima. "Namshika mwenyewe."

Akampakata mtoto, mtoto akampakata kuku, kondakta akafunga mlango. Nilingoja basi likate kona. Kisha nikaenda sokoni kununua chumvi, maana ilikuwa imeisha.